Vibuyu Vilivyomrudishia Mbeke Pumzi

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na upepo wa tambarare za Kitengela unaingia uani bila kubisha hodi. Mbeke Ndeti amechuchumaa nyuma ya duka lake la maziwa. Mkono wa kulia ameshika kijiti chenye kaa jekundu kwenye ncha, na kati ya magoti amebana kibuyu kirefu chenye shingo nyembamba.

Anakisogeza kijiti karibu na midomo na kupuliza. Hapulizi kama mtu anayewasha jiko huku amechelewa kazini. Anatoa pumzi ndefu, nyembamba, isiyo na haraka, mpaka ncha ya kijiti inang'aa kama jicho la paka. Kisha anakitumbukiza ndani ya kibuyu na kuanza kusugua ukuta wake wa ndani, akizungusha mkono taratibu, huku moshi mwembamba ukitoka juu na kumpitia usoni.

"Ukipuliza haraka inakurushia jivu kwa macho," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiiwacha, inazima. Iko na mwendo yake. Ni wewe unaifuata."

Kijiti hicho ni cha mzeituni wa porini, mti ambao Wamaasai huuita oloirien. Kaa lake ndilo husafisha kibuyu, huzuia maziwa yasiharibike upesi na kuyapa ule utamu wa moshi unaowafanya wateja wa Mbeke wapite maduka matatu ya jirani bila kugeuza shingo. Maziwa huchemshwa, hupozwa, kisha humiminwa ndani ya vibuyu na kuachwa siku mbili hadi yagande.

Siku nzuri Mbeke huuza lita thelathini, na akitoa gharama zote hubaki na kama shilingi elfu moja. Si pesa za kujengea ghorofa, lakini zinalipa kodi ya duka, zinamnunulia mama yake dawa za presha, na Krismasi iliyopita zilimnunulia baba yake viatu ambavyo mzee huyo amekataa kuvivaa akidai ni vizuri mno.

Watu wengi wa mtaa huu wanayajua maziwa ya Mbeke. Wachache ndio wanaojua kwamba kazi hii hakuisomea, wala hakuirithi. Wazazi wake ni Wakamba waliokuja Kitengela kutafuta riziki, na kwao kibuyu kilikuwa cha kunywea uji. Msichana huyu mwenye umri wa miaka 23 aliipata kazi yake kwa kosa. Kosa kubwa, la aibu, ambalo akilisimulia mpaka leo hujifunika uso kwa leso.

Na aliyemsamehe kosa hilo yuko Kimana, karibu kilomita mia mbili kutoka hapa. Kwa vijana wenzake hiyo ni safari ya nusu siku. Kwa Mbeke ni jambo zito, kwa sababu hofu iliyomshika wakati wa korona imemwachilia karibu kila mahali isipokuwa barabarani. Tangu mwaka wa 2021 hajawahi kukamilisha peke yake safari ya mbali kupita mji wa Kajiado. Amejaribu Kimana mara mbili, na mara mbili ameshuka njiani na kurudi.

"Huyo mama alinirudishia maisha yangu, na mimi sijaweza hata kumfikia nimwambie asante nikimwangalia," anasema. "Hiyo ndiyo kitu inanisumbua. Zingine zote ni neema tu."

Ili kuelewa neema hiyo, turudi mwaka wa 2020.

Mwezi Machi mwaka huo, Mbeke alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni. Shule zilipofungwa ghafla alirudi nyumbani na sanduku lake, akidhani ni wiki mbili tu. Nyumbani kwao kulikuwa nyumba ya chumba kimoja na sebule, ndani ya ploti yenye geti la mabati ya buluu. Alikuwa mtoto wa pekee, na wazazi wote wawili walikuwa wafanyakazi wa mshahara.

Baba yake, Ndeti, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani Magadi, kule kwenye ziwa la soda ambako joto halijui Jumapili. Usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi na miji ya karibu ulipopigwa marufuku mwezi wa Aprili, Kitengela ikajikuta ndani ya mpaka na Magadi nje. Mzee akabaki huko miezi mitatu, akitoa ushauri kwa simu.

Mama yake, Evalyne, alikuwa msafishaji wa hospitali. Wagonjwa wa korona walipotengewa wodi, yeye ndiye aliyepangiwa kupiga deki humo. Kwa siku kumi na nne mfululizo alikuwa akilala katika bweni lililotengewa wahudumu, kisha anarudi nyumbani siku chache na kulala sebuleni, sahani yake kando, kikombe chake kando.

"Nilidhani nikikaa mbali na yeye nimemkinga," anasema Evalyne, ambaye sasa ana miaka 48 na bado yuko kazini. "Sikuwa najua kuna kitu ingine ya kumkinga. Mtoto alibaki peke yake na ile televisheni."

Ile televisheni! Kila jioni Mbeke alikaa mbele yake kusubiri idadi ya wagonjwa wapya, na kila jioni alisikia idadi hiyo kana kwamba jina lake limetajwa ndani. Aliposikia kwamba wagonjwa hupoteza uwezo wa kunusa, akaanza kunusa kitunguu kila saa ili kujihakikishia. Kitunguu kikizoeleka, anahamia tangawizi. Tangawizi ikizoeleka, sabuni. Nyumba ikanuka kama jiko la harusi, na bado hakuridhika.

Siku moja mchana, akiosha vyombo, mwili wake ukamgeuka.

"Moyo ilianza kupiga ile mbaya. Vidole zikafa ganzi. Hewa nikaivuta haiingii," anakumbuka. "Nikajua ndiyo hiyo imefika."

Alipiga namba ya dharura. Aliyepokea alimuuliza kama ana homa, akasema hana. Kikohozi, hana. Ameonana na mgonjwa? Hajaonana na mtu yeyote wiki mbili. Sauti ya upande wa pili ikamwambia kwa upole kwamba hayo yanaonekana kuwa ni wasiwasi, si korona.

"Nilikasirika!" anasema Mbeke, na kicheko kinamtoka. "Nikaona huyu ananinyima ugonjwa yangu."

Lakini mambo hayakuwa ya kuchekesha wakati huo. Hali ile ilirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Kufikia Mei, Mbeke alikuwa hawezi kuvuka geti la buluu. Mwenye duka alimrushia pakiti ya unga juu ya geti na yeye akamrushia pesa zilizofungwa ndani ya karatasi ya plastiki baada ya kuzipangusa kwa jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo. Kila kitu kilipanguswa kwa jiki: vitasa, simu, viatu, hata vitabu vyake vya Biolojia mpaka kurasa zikajikunja.

Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni jirani wa nyuma ya ua. Naisenya, ambaye mtaa mzima humwita Kokoo, yaani nyanya kwa Kimaasai, wakati huo alikuwa na miaka 71. Familia yake ilikuwa imeuza sehemu kubwa ya ardhi miaka mingi iliyopita, ploti zikaota kila upande, naye akabaki katikati na ekari mbili, ng'ombe kumi na mmoja na mwanawe Tajeu.

Evalyne alikuwa amemwomba jambo moja tu: amwangalizie mtoto. Kokoo alilitekeleza ombi hilo kwa namna yake. Kila jioni alitundika kibuyu cha maziwa kwenye nguzo ya ua, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaita kwa sauti ya kuwashtua ng'ombe, "Takwenya!" Hiyo ndiyo salamu ya wanawake wa Kimaasai, na jibu lake ni "Iko."

"Nisipojibu hatoki hapo," anasema Mbeke. "Hata nikiwa nalia, lazima nijibu. Nikisema 'Iko', anaenda zake."

Ndipo mvua kubwa ya Mei ikaja na kulitoboa paa la Kokoo. Wakati Tajeu akitafuta mabati, mama huyo alivikusanya vibuyu vyake sita vya maziwa, akavipitisha juu ya ua na kumwomba msichana amwekee kwa siku tatu.

"Weka mahali kavu," alimwambia. Ni agizo ambalo Mbeke hatalisahau.

Vibuyu hivyo havikuwa vyombo vya dukani. Mikanda yake ilikuwa ya ngozi iliyoshonewa shanga. Ndani vilikuwa vyeusi kwa makaa ya miaka na miaka, na kile kikubwa kuliko vyote Kokoo alikabidhiwa na mama yake siku alipoolewa. Mmaasai yeyote angejua kwamba ule weusi ndio usafi wenyewe, na kwamba kibuyu hakikutanishwi na sabuni.

Mbeke hakuwa Mmaasai. Na kichwa chake, siku hizo, kilikuwa na wazo moja tu.

"Nilikuwa nishajua niko nayo. Nikafikiria, huyu mzee atachukua vibuyu zake, akunywe, akufe. Na itakuwa ni mimi," anasema, akiwa sasa amejifunika uso kwa ile leso. "Sasa nikaamua nimuokoe."

Alijaza beseni maji, akamwaga jiki chupa nzima na sabuni ya unga vikombe viwili, akavizamisha vibuyu vyote sita usiku kucha. Asubuhi akachukua waya wa kusugulia sufuria, akaufunga kwenye mwiko, akausugua ule weusi mpaka ukatoka wote. Alitumia siku nzima. Kisha akavianika juu ya mabati kwenye jua kali.

Viwili vilipasuka. Vinne vilivyobaki vilikuwa vyeupe ndani kama nazi, vikinuka choo kilichotoka kuoshwa. Shanga zilikuwa zimeanza kudondoka. Mbeke, mwenye furaha ya kwanza baada ya wiki nyingi, alivipanga kwenye ua na kumwita mwenyewe aje aone.

Kokoo alikuja. Alikiinua cha kwanza, akakinusa. Akakinusa cha pili. Alipofika kwenye kile cha mama yake alikaa nacho muda mrefu, kisha akakiweka chini polepole, akageuka na kuondoka.

Jioni hiyo hakukuwa na maziwa kwenye nguzo. Wala "Takwenya". Kesho yake pia hakuna.

Nilipompigia simu Kokoo huko Kimana kumuuliza kuhusu siku hizo mbili, alikanusha jambo moja kwanza.

"Mimi hakuwa na hasira," alisema. "Mimi nilienda lia kwa ng'ombe. Mtu mzima hawezi lia mbele ya toto."

Lakini Mbeke, upande wa pili wa ua, hakujua kuna anayelia. Alichojua ni kwamba mtu wa mwisho aliyekuwa akimwita kila jioni ameacha kumwita. Kutoka kwa mtoto wa jirani alisikia vibuyu vile vilikuwa nini. Siku ya tatu hali ikamkamata vibaya kuliko siku zote. Alianguka sakafuni jikoni, hewa haiingii, mikono imejikunja, akampigia mama yake na kushindwa kutamka lolote isipokuwa "Mami".

Evalyne alikuwa wodini, ndani ya yale mavazi ya plastiki ambayo ukiyavua kabla ya zamu kuisha umevunja kanuni zote. Alipopata upenyo akampigia Kokoo.

"Nilimpigia nikilia. Sikuwa najua mambo ya vibuyu, Mbeke hakuwa ameniambia," anasema. "Huyo mama angenikatia simu, angekuwa na sababu. Hakunikatia. Aliniambia tu, 'Nimesikia.' Mungu ambariki mpaka mwisho wa siku zake."

Kwa mara ya kwanza tangu Machi, Kokoo hakuishia kwenye ua. Alizunguka mpaka kwenye geti la buluu, akalifungua na kuingia, barakoa ikiwa kidevuni kama tulivyoivaa wengi wetu. Mkononi alikuwa na mkebe wa makaa, kijiti cha oloirien na kibuyu kipya ambacho hakijawahi kuonja maziwa. Akaketi kwenye jiwe katikati ya ua, hatua tano kutoka mlangoni, na kumwamuru msichana atoke nje. Mbeke alitoka akitambaa.

"Siwezi kupumua, Kokoo," alisema.

Kokoo akakichomoa kijiti kwenye mkebe, akamwonyesha ncha iliyokuwa imeanza kufa.

"Hii moto pia hawezi," akamwambia. "Saidia yeye."

Alikiweka kijiti chini, akarudi kwenye jiwe lake. Mbeke alikiokota. Alipuliza kwa pupa, jivu likamrukia machoni. Akakohoa, akapuliza tena, cheche zikamwangukia kwenye sketi. Kutoka kwenye jiwe kulikuja neno moja tu, "Polepole." Akapuliza tena. Na tena. Mara hii pumzi ikatoka ndefu kidogo, na ncha ikageuka kutoka kijivu ikawa nyekundu. Alipoacha, ikafifia. Ikabidi aendelee.

Mbeke hakumbuki ni wakati gani moyo wake ulitulia. Anakumbuka kwamba alikuwa ameudhika na kile kijiti, amekikazia macho, anataka kiwake na kisizime. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limesogea upande mwingine wa ua, mikono yake ilikuwa imekunjuka, na Kokoo alikuwa ameketi palepale akijipepea kwa shuka.

"Hakuniuliza kuhusu vibuyu," anasema. "Nilianza kuomba msamaha, akaniambia, 'Zile zimekufa. Tutatengeneza ingine. Kesho.' Hiyo 'kesho', unajua, nilikuwa sijaifikiria kwa muda mrefu."

Kutengeneza kibuyu kipya si kazi ya siku moja, na nadhani Kokoo alilijua hilo vizuri. Kibuyu kibichi ni kichungu. Hukatwa mdomo, hukwanguliwa mbegu, hujazwa maji na kumwagwa, siku baada ya siku, mpaka uchungu uishe. Kisha hukaushwa, na ndipo kazi ya kaa inapoanza. Walifanya hivyo kwa vibuyu sita, Kokoo kwenye jiwe na Mbeke hatua tano mbali naye, Juni nzima na Julai nzima. Mwanzo walifanyia uani kwa akina Mbeke. Wiki ya tatu Kokoo akasema mgongo wake umechoka kutembea, kwa hiyo kazi ihamie kwake. Mbeke akavuka geti.

"Mgongo wake ulikuwa mzima kabisa," anasema Tajeu, ambaye leo ndiye humletea Mbeke maziwa kwa pikipiki. "Asubuhi hiyo alikuwa amekimbiza ndama mpaka barabarani."

Katika miezi hiyohiyo, kupitia kanisa la mama yake, Mbeke alipata namba ya mshauri nasaha aliyekuwa akizungumza na vijana bila malipo. Mshauri huyo, Rahab Kahiga, anasema simu yake mwaka huo ilikuwa ikipata moto sikioni: wanafunzi waliokata tamaa ya mtihani, vijana waliosimamishwa kazi, wengine walioogopa kuwaua wazazi wao kwa kuwakumbatia tu. Alimfundisha Mbeke kwamba kilichompata kina jina, kwamba si wazimu wala laana, na kwamba kuna namna ya kuvuta pumzi kwa muda mfupi na kuitoa kwa muda mrefu zaidi.

"Akaniambia, 'Hiyo najua, sisi tunafanyanga na kijiti,'" anakumbuka Rahab akicheka. "Ikabidi nimuulize, kijiti gani?"

Rahab hasemi kwamba kibuyu ni dawa ya kila mtu. Anasema Mbeke alipata vitu vitatu ambavyo wengi walikosa: mtu wa kumwambia ukweli, kazi ya mikono, na jirani aliyekataa kumwacha. Anasisitiza kwamba ukiona hali inakuzidi, mtafute mtaalamu mapema, usione aibu.

Oktoba wanafunzi wa kidato cha nne waliitwa shuleni. Asubuhi ya kuondoka, Mbeke, ndani ya sare iliyokuwa imembana, alipita kwa Kokoo kuaga. Miezi yote ile walikuwa wamesalimiana kwa sauti tu. Siku hiyo aliinamisha kichwa kama watoto wa Kimaasai wanavyofanya mbele ya wakubwa. Kokoo akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwenye shuka, akaja na kumwekea kiganja juu ya utosi.

"Ilikuwa miezi sita tangu mtu anishike," anasema Mbeke. "Nililia mpaka shati likalowa. Nikaenda shule nikiwa na nguvu."

Alifanya mtihani wa kitaifa Machi 2021 na kupata C. Akajiunga na chuo kimoja jijini Nairobi kusomea ukarimu wa hotelini, na hapo ndipo hofu ilipomwonyesha kwamba bado ina pembe. Kila asubuhi njiani hewa iliisha. Siku ya nne akarudi nyumbani na hakuenda tena. Ni sura ya maisha yake ambayo haipendi, lakini haifichi.

Kokoo hakumlaumu. Alivichukua vile vibuyu sita walivyotengeneza pamoja, akampa vyote, akamwambia auze maziwa. Hivyo ndivyo duka hili lilivyoanza mwaka wa 2022, kwenye meza moja kando ya barabara, msichana wa Kikamba akiwauzia Wamaasai maziwa yao wenyewe.

"Mwanzo walinicheka," anasema. "Wakaonja. Wakanyamaza."

Leo kuna benchi mbele ya duka, na Jumamosi mchana hujaa vijana. Wengine huja kwa ajili ya maziwa, wengine kwa ajili ya Mbeke, na hilo analijua vizuri. Lakini wapo wanaokuja kwa sababu walisikia kisa chake na wao wana chao. Mmoja ni Wahome, mwenye miaka 27, anayeosha magari hapo jirani. Wakati wa korona alikuwa mlangoni mwa duka moja kubwa akiwapima wateja joto kwenye paji la uso.

"Kila mtu nikimpima, akipita tu najipima," anasimulia. "Kuna siku nilijipima mara sitini hivi. Wakanifuta kazi juu ya kumaliza betri. Hadi wa leo, mtu akikohoa karibu na mimi, shingo inakaza. Nikikuja hapa, Mbeke hanipei mawaidha. Ananipea kijiti, ananiambia nifanye kazi."

Mwaka jana, malisho ya Kitengela yakizidi kuzungushiwa seng'enge na magoti yakimsumbua, Kokoo alihamia kwa binti yake Kimana, ambako kuna maji na majani. Aliondoka siku ambayo Mbeke alikuwa amempeleka mama yake kliniki. Hawakuagana. Wamekuwa wakizungumza kila Jumapili kwa simu, lakini magoti hayaponi kwa simu, na miaka 76 si mchezo.

Tajeu amejitolea mara kadhaa kumpeleka. Baba yake Mbeke pia, aliyestaafu Magadi na anayetafuta sababu yoyote ya kutoka nyumbani. Mbeke amewashukuru na kukataa.

"Nikipelekwa, nitakuwa nimepelekwa," anasema. "Mimi nataka kuenda."

Kwa hiyo amepanga. Alhamisi hii Evalyne, ambaye amechukua likizo ya siku nne, atauza maziwa. Mbeke ataondoka saa mbili asubuhi. Akirudi salama, ana mpango wa kufungua sehemu ya pili ya kuuzia mjini Kajiado na kumwajiri Wahome, ambaye bado hajaambiwa.

Namuuliza swali ambalo najua hataki kuulizwa. Je, ile hali ikimjia njiani?

Mbeke anakung'uta unga wa makaa kutoka kwenye kibuyu na kukipiga mgongoni kama anayemtoa mtoto gesi. "Itakuja, naijua," anasema. "Hizo mara mbili nilikuwa nangoja iishe ndio niende. Haiishi. Sasa nitaogopa nikienda."

Kabla sijafunga daftari, simu yake inalia. Ni Jumapili. Anaiweka sauti ya juu ili nami nisikie, na sauti ya Kokoo inajaa duka zima.

"Ile gari ya Alhamisi, wewe nakuja kweli?"

"Nakuja, Kokoo. Peke yangu."

"Mara ya kwanza wewe ulirudi wapi?"

Mbeke ananitupia jicho la haya. "Kyumvi. Hapo karibu tu."

"Na ya pili?"

"Emali. Nusu ya njia."

Mahali fulani Kimana, ng'ombe analia. Kisha Kokoo anacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeridhika na hesabu yake.

"Basi wewe nakaribia," anasema.